Sampuli Moja Haitoshi: Kuelewa Vipimo vya Sumu katika Tope

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama vile Sekenke mkoani Singida, zebaki hutumika kunasa dhahabu. Zebaki inayomwagika huweza kusombwa na mvua hadi mitoni na mabwawani, ikatuama katika tope. Humo bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia mwilini mwa samaki na hatimaye kufika mezani. Mtoto aliye tumboni ndiye anayeathirika zaidi. Kwa hiyo maji yanaweza kupimwa yakaonekana salama, ilhali tope lililo chini yake lina sumu.

Tope hupimwaje?

Njia iliyozoeleka katika tope la pwani za bahari, na ambayo hutumika pia kwa maziwa na mito, ni kuweka viumbe wadogo wa majini ndani ya tope kwa siku 10, kisha kuhesabu waliosalia hai. Tuseme kati ya viumbe 20 wamekufa 5. Je, tope hilo lina sumu? Bado hatujui, kwa kuwa wachache hufa hata katika tope safi.

Ndiyo sababu huwekwa pia tope safi la kulinganishia, na kila tope hugawanywa katika vyombo kadhaa. Kisha hesabu za takwimu hujibu swali moja: je, tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu? Ikiwa uwezekano huo ni chini ya 5 katika 100, kwa kawaida tofauti huhesabiwa kuwa ya kweli.

Hata hivyo, "tofauti haikuonekana" si sawa na "hakuna sumu". Vyombo vikiwa vichache, madhara yaliyopo huweza kupita bila kutambuliwa.

Mambo ya kuuliza unaposomewa majibu

1. Sampuli ngapi zilichukuliwa, na wapi?
2. Zililinganishwa na tope la mahali gani?
3. Je, umetajwa wastani pekee? Wastani mdogo huweza kuficha eneo moja lenye sumu nyingi.
4. Je, samaki wenyewe walipimwa?

Kumbuka kwamba kupika, kukaanga au kukausha samaki hakuondoi zebaki. Penye shaka, mjamzito na watoto wadogo waepuke samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao, kwani hao ndio hulimbikiza sumu nyingi zaidi.