Je, Wajua? Namba za Kirumi Ziko Kwenye Pochi Yako

I. Kwamba ukitoka sokoni hapa Mulongwe, Uvira, huenda umebeba herufi nne za Kirumi? Noti za franka za Kongo za 1,000, 500, 100 na 50 zina thamani zilezile za M, D, C na L.

II. Kwamba kompyuta huandika namba za Kirumi kama muuza ndagala anavyorudisha chenji? Huanza na noti kubwa. Isipoingia, hushika inayofuata. Chukua 1,470, kina kirefu kabisa cha Ziwa Tanganyika kwa mita. Toa 1,000, andika M, zimebaki 470. Toa 400, andika CD, zimebaki 70. Toa 50, andika L, zimebaki 20. Toa 10 mara mbili, andika XX. Jibu: MCDLXX.

III. Kwamba makro nzima ya kazi hiyo, yaani programu fupi ndani ya Excel, inahitaji orodha ya thamani 13 tu? Herufi saba (M, D, C, L, X, V, I) na jozi sita (CM, CD, XC, XL, IX, IV), zikipangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Kazi iliyobaki ni kutoa na kurudia mpaka namba iishe.

IV. Kwamba Excel ya Kifaransa ina fomula yake tayari? Andika =ROMAIN(1962), upate MCMLXII: mwaka ambao Papa Yohane XXIII aliunda Jimbo la Uvira. Ila ndani ya makro fomula hiyohiyo huitwa kwa jina la Kiingereza, Roman, hata kama kompyuta yote inaongea Kifaransa.

V. Kwamba fomula hiyo hugoma ikifika 4,000? Mwisho wake ni 3,999, yaani MMMCMXCIX. Ukiongeza moja, inakujibu #VALEUR!

VI. Kwamba namba ndefu kuliko zote hapo si hiyo ya mwisho? Ni 3,888: MMMDCCCLXXXVIII, herufi 15. Mwaka 1858, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira, unakula 10: MDCCCLVIII.

VII. Kwamba Warumi hawakuwa na herufi ya sifuri? Ukiandika =ROMAIN(0), Excel inakuachia kisanduku kitupu. Neno letu "sifuri" limetoka kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni utupu.

VIII. Kwamba TeX, programu ya kupanga vitabu ya Donald Knuth, huandika namba hizi kwa herufi ndogo? Ndizo i, ii, iii unazoziona kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vingi, kabla ya sura ya kwanza. Na TeX yenyewe 4,000 haiiogopi: huandika mmmm, ikaendelea na safari.

IX. Kwamba msemaji wa Kiswahili ana sheria yote mdomoni? XIII ni kumi na tatu: "na" ndiyo kujumlisha. XX, wengi wetu Kivu husema makumi mbili, na kwa macho ndivyo ilivyo. IV ni tano kasoro moja. Makro ya anayeanza huangukia kwenye hiyo "kasoro", basi ijaribu kwa 4, 9, 40, 90, 400 na 900. Ikikuandikia VIIII, umesahau jozi kwenye orodha. Kisha tazama namba iliyo mwanzoni mwa aya hii: kumi kasoro moja. Kenda.