Tumetoa Taarifa, Mbona Kimya?

Mwezi huu hatuzungumzii malaria wala maji ya kunywa. Tunazungumzia majeraha ambayo watoto huyapata mikononi mwa wale wale wanaowalea, na zaidi, nini hutokea baada ya jirani mwema kwenda kutoa taarifa.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo lalamiko hili ni la kawaida: jirani aliona mtoto anapigwa kupita kiasi, akaenda kwa mtendaji, habari ikaandikwa kwenye daftari, akaambiwa arudi nyumbani asubiri. Wiki zikapita. Mtoto yuko pale pale, na jirani amejipatia uadui na wenye nyumba. Basi wengi husema, "Halmashauri haina msaada, bora kunyamaza." Je, kunyamaza ni dawa?

Ili tuone taarifa hupotelea wapi, tutazame kisa cha mtoto wa Kiafrika aliyefia Uingereza, ambacho kilichunguzwa hatua kwa hatua.

Kisa cha Victoria

Victoria Climbié alizaliwa karibu na Abidjan, nchini Ivory Coast, mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Ni jambo ambalo hata sisi hulifanya kila siku, tunapompeleka mtoto mjini kwa ndugu ili apate shule. Mwezi Aprili 1999 wakafika London. Tarehe 25 Februari 2000 Victoria akafariki, akiwa na umri wa miaka 8, na mwilini mwake zilihesabiwa alama za majeraha 128. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Je, hakuna aliyetoa taarifa? Walikuwapo. Mwezi Juni 1999 ndugu mmoja alipiga simu halmashauri. Mwezi Julai familia iliyokuwa ikimtunza mchana ilimpeleka hospitali. Daktari bingwa akasema alama zile ni upele tu, na halmashauri ikalegeza kamba. Siku kumi baadaye alipelekwa hospitali nyingine, kichwa kimeungua kwa maji ya moto. Shangazi alisema mtoto amejimwagia mwenyewe ili kutuliza muwasho. Wauguzi waliona alama ya bizimu ya mkanda, na waliona mtoto anavyoogopa shangazi akija, lakini si yote yaliyoandikwa. Afisa wa ustawi na askari waliahirisha kwenda nyumbani kwa Victoria kwa kuogopa kuambukizwa upele. Siku ile ile aliyofariki, halmashauri ilifunga jalada lake.

Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Laming ilitoka Januari 2003. Ilihesabu nafasi 12 ambazo mtoto huyo angeweza kuokolewa. Hazikuhitaji utaalamu wa ajabu. Zilihitaji mtu wa kuuliza, kuandika, kumpasha habari mwenzake, kwenda nyumbani, na kuketi na Victoria mwenyewe amsikilize. Ripoti iliwalaumu sana wakubwa wa ofisi, si wadogo peke yao.

Tunajifunza nini? Taarifa moja ikishatolewa haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni mtu anayeifuatilia.

Sheria yetu inasemaje?

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa watoto wote walio katika eneo lake. Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Afisa Ustawi wa Jamii akiipokea anaweza kumwita anayelalamikiwa, na huyo akikataa kutii uamuzi, shauri hupelekwa mahakamani.

Tuseme ukweli pia. Afisa mmoja huweza kuwa na kata nyingi na hana hata pikipiki. Tena mara nyingine mtendaji ni ndugu wa mtuhumiwa, naye husema yamalizwe kifamilia. Shida ya usafiri ni ya kweli, lakini haiondoi wajibu. Na mtoto aliyebakwa au kujeruhiwa hana "kifamilia". Hilo ni kosa la jinai, halilipiwi kwa mbuzi wala kwa fedha.

Upele au kipigo?

Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na kwa kawaida wengine nyumbani nao hujikuna. Alama za kipigo ni tofauti. Shukuni mkiona:

- mistari au umbo la mkanda, waya au fimbo;
- michubuko masikioni, mgongoni au matakoni, mingine mipya na mingine ya zamani;
- kuungua kulikokata sawasawa kama soksi au glovu, dalili ya kuzamishwa katika maji ya moto;
- maelezo yanayobadilika kila mara, au kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali;
- mtoto anayekonda, anayeanza tena kukojoa kitandani, au anayeganda kwa hofu mlezi akitokea.

Alama moja si hukumu. Watoto huanguka wakicheza. Msimtangaze mtu wala msimhoji mtoto mara kumi. Msikilizeni kwa utulivu, kisha mpelekeni panapohusika.

Tufanye nini?

1. Aliyeumia atibiwe kwanza. Mpelekeni hospitali mara moja, huku mwingine akifuata fomu ya PF3 polisi. Kwa mtoto aliyebakwa, dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI zianzwe mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Asiogeshwe kabla ya kupimwa.

2. Toeni taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na ikiwa ni kosa la jinai, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu namba 116, ya kusaidia watoto, haina malipo.

3. Andikeni barua na mbaki na nakala. Tajeni tarehe, mlichokiona kwa macho, na jina la aliyepokea. Ombeni nakala yenu igongwe mhuri.

4. Ulizeni: "Mtamtembelea mtoto lini?" Siku ikipita, rudini. Ni vema waende wawili au watatu wa jumuiya, ili lawama isimwangukie jirani mmoja.

5. Bado kimya? Mwandikieni Mkurugenzi wa Halmashauri, na diwani ajulishwe. Ikishindikana, pelekeni lalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mtoto akiwa hatarini leo, msingoje majibu ya barua, nendeni polisi.

Na ninyi mliompeleka mtoto kwa ndugu mjini, msitosheke na salamu za simu. Ongeeni na mtoto mwenyewe, na mara nyingine fikeni bila kutoa taarifa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya, lakini mtoto akishafukiwa hatuna cha kujenga. Basi mwezi huu, kila jumuiya iulize: ni taarifa gani tuliyoitoa na hatujaifuatilia?