Kalemie: Mzazi kuhama hakuondoi hukumu juu ya mtoto

Vakansi kubwa inapokaribia mwisho, kwenye bandari ya Kalemie mashua za Moba na Uvira hubeba wanafunzi wanaorudi nyumbani. Kwa wazazi walioachana, mara nyingi ndipo ugomvi unapoanza. Mtoto alienda kwa baba mwezi mmoja, sasa baba anasema harudi. Hukumu ipo, lakini ni ya miaka mitatu, tena mama amehama. Je, ingali na nguvu?

Ndiyo. Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haikuweka tarehe ya hukumu hiyo kuisha. Inaendelea mpaka muamuzi aibadilishe kwa ajili ya masilahi ya mtoto, ao mtoto atimize miaka 18.

Lakini soma kwanza karatasi yenyewe. Wakati kesi ya talaka ingali inaendelea, tribinali ya amani inaweza kuamua kwa muda tu mtoto akae na nani. Uamuzi huo unaisha hukumu ya talaka ikiwa ya mwisho. Na hukumu yenyewe inaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 30 tangu huisie alipoileta; rufaa inaisimamisha, isipokuwa muamuzi aliagiza itekelezwe mara moja.

Kinachochanganya watu zaidi hapa kwetu ni kikao cha familia. Wajomba na mashangazi wanaketi, wanakumbusha mali iliyotolewa, wanasema watoto ni wa ukoo wa baba. Mapatano yanaandikwa kwenye karatasi ya daftari, kila mtu anatia saini. Kikao hicho kinaweza kutuliza mioyo, sikidharau. Ila hakifuti hukumu. Wazazi wakikubaliana kweli, wapeleke mapatano yao kwa muamuzi.

Pesa nazo zinaleta kosa lingine. Mama asiyepokea pesa za chakula na masomo anamzuia baba kumwona mtoto. Baba aliyezuiwa naye anaacha kutuma. Hayo ni mambo mawili. Kila moja linadaiwa tribinali, na kumshika mtoto kinyume cha hukumu ni kosa ambalo parquet inaweza kulifuata.

Mtoto akivushwa mpaka Kigoma, kazi inakuwa ngumu. Hukumu ya Kalemie ingali na nguvu Congo, lakini polisi wa Tanzania hawaitekelezi hivi hivi. Lazima mahakama ya kule iikubali kwanza. Kwa hiyo mzazi anayeogopa hilo amwone avoka kabla ya vakansi, si baada ya mashua kuondoka.

Na waliopoteza karatasi wakati wa vita ao mafuriko wasikate tamaa: hukumu ya asili inabaki grefe. Uliza nakala kwa majina ya wazazi, mwaka, na kama unaikumbuka, namba ya kesi.