UKURASA WA MTANDAO NI WA MSOMAJI

Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa mjini Dodoma, na kwa njia hiyo wananchi wa Ngara na Biharamulo nao wakapata ubao wa matangazo usiohitaji nauli. Mkulima wa kahawa wa Rulenge aweza kusoma tangazo la ajira kwa ajili ya mwanawe akiwa shambani. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini ubao ukijengwa vibaya, mwananchi atasimama mbele yake asione kitu.

Wako wasemao kwamba kujenga kurasa hizi ni kazi ya wataalamu wa miji mikubwa. Hatukubaliani nao. Ufundi huu ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 maabara hiyo ikautoa bure kwa watu wote. Kijana wa Biharamulo mwenye kompyuta kuukuu aweza kuuanza leo pasipo kulipa ada.

Msingi wake ni HTML, lugha ya alama iiambiayo mashine: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Hizo ndizo nguzo na fito. CSS, iliyoidhinishwa mwaka 1996, hupanga rangi, nafasi na ukubwa wa herufi. Hiyo ni chokaa. Iko pia JavaScript, ya mwaka 1995, iupayo ukurasa mwendo, ila mwanafunzi asiikimbilie kabla nguzo hazijasimama.

Yafaa ndugu zetu wafahamu habari ya uzito. Maneno 1,000 ya Kiswahili hayafiki kilobaiti 10. Picha moja itokayo moja kwa moja katika kamera ya simu yaweza kuzidi kilobaiti 3,000, na ikipunguzwa vizuri, 150 zatosha. Dereva apumzikaye Nyakanazi hununua bando kwa fedha yake mwenyewe. Ukurasa unaoanza na picha tano za mkutano humlia bando hilo kabla hajaona neno moja.

Tena lipo kosa linalotukera: tangazo kupigwa picha pamoja na muhuri wake, kisha picha kubandikwa badala ya maneno. Herufi huwa ndogo kama sisimizi, na kipofu anayesomewa na simu yake huambulia kimya. Yaandikwe maneno yenyewe, tarehe iwe juu, na barua yenye muhuri ifuate chini kwa anayeitaka. Mjenzi asisahau pia kuitaja lugha ya ukurasa kwa alama "sw", simu isije ikakisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Na kabla ya kuutangaza ukurasa wake, auchukue katika simu ndogo mpaka kando ya barabara ya Rusumo, ampe mama muuza ndizi alitafute tangazo. Mama huyo akishindwa, ukurasa urudi kwa fundi.