Lebo ya Mafuta Iseme Kweli

Sisi wachimba chumvi wa Kabatoro, penye Ziwa Katwe, hununua mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kopo likiandikwa "mafuta ya mimea" tu, halijasema yote. Mafuta ya maji hugandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni. Yakitiwa kwa sehemu tu, huzaa mafuta ya transi, nayo hudhuru moyo. Kanuni ya kimataifa ya Codex ya mwaka 1985 yataka lebo itaje kama yametiwa haidrojeni, au kwa sehemu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyakomeshe mafuta ya transi ya viwandani. Basi tusome lebo kabla ya kulipa. Ikisema "kwa sehemu", kopo tuliache dukani. Mnunuzi ana haki kujua anachokula.