Pesa za Wazee Hazianzi kwa Chifu

Jumatatu aliniuliza shosho wa Kaptembwo. Jumatano mjukuu wake akapiga simu kuuliza lile lile: "Pesa za wazee zikija, si watatulipa tangu siku tulipoandikishwa?"

Hapana. Hesabu ya zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, huanza jina likishaingia kwenye orodha ya malipo, si siku chifu alipoliandika. Miezi ya kungoja imeenda na maji. Najua uvumi ulikotoka: jirani alipokea 8,000 kwa mkupuo na ploti nzima ikajua. Lakini huyo alikuwa analipwa tayari. Serikali ilichelewesha miezi minne, ikaja kulipa deni lake. Wewe bado huidai kitu.

Ningeuacha uvumi huu ujifie, ila watu wanakopa wakiutegemea. Tuseme shailoki amekupa 5,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba ni 1,000, nusu ya pesa za mwezi ambazo hujui zitaanza lini. Miezi mitano baadaye umemlipa 5,000 na 5,000 yake iko pale pale. Tena amebaki na kitambulisho chako kama dhamana! Shosho alikuwa ameacha chake kwa mtu wa namna hiyo, kimefungwa kwa mpira pamoja na vya wenzake, bila kujua kwamba bila hicho kitambulisho hawezi kuhakikiwa wala kuchukua hata senti.

Na huyo kijana anayeomba 500 "asukume jina"? Kujiandikisha ni bure. Hana anachosukuma.

Haya, cha kufanya. Panga matumizi kana kwamba pesa hizo hazipo. Mwone mwenye nyumba kabla tarehe haijapita, si baada ya mlango kupigwa kufuli. Kopa kwenye chama chenu kabla ya programu za simu. Duka la kukopa kwa daftari, sawa, ila liwe moja, na la unga na mafuta tu. Chakula nunua soko la Wakulima jioni, wauzaji wakifunga. Karo ya mjukuu, ulizia basari kwenye ofisi ya wadi. Taja pia mlezi unayemwamini wa kukupokelea, hasa kama umelima viazi Molo au Mau Narok maisha yako yote: alama za vidole huisha kwa jembe, na mashine ikikataa kuzisoma unaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu.