Laptopu ya Gemu Inakula Umeme Kiasi Gani?

Kesi hii ipo katika nyumba nyingi. Uniti za LUKU zimekwisha kabla ya mwezi kwisha, na mama amesimama mlangoni: "Hilo dude lako la gemu ndilo linalotumalizia umeme!" Kaka anajitetea: "Mama, hii haili kitu." Nani mkweli? Sikilizeni jinsi mdogo wake kaka, binti wa darasa la saba, anavyoweza kuikata kesi hiyo bila kununua kifaa chochote.

Anaanza kwa kuigeuza chaja, lile tofali zito lenye waya. Mgongoni mwake, kwa maandishi madogo, pameandikwa 20 V na 11.5 A. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita. Zidisha, unapata wati 230. (Wati imepewa jina la James Watt, Mskoti aliyeboresha injini ya mvuke katika karne ya 18.) Mama akiiona 230 atasema kesi imekwisha. Bado! Hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho chaja inaweza kutoa. Basi likiandikwa abiria 60, maandishi hayo hayakuambii leo wamepanda wangapi.

Kwa hiyo binti anakwenda kwenye mita ukutani. Pale kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, kitaa kikiwaka mara 1000, uniti moja (kWh, yaani wati 1000 kwa saa moja) imekwenda; kila mwako basi ni wati moja kwa saa moja. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi gawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde zinazopita kati ya mwako mmoja na mwingine, na jibu ndilo wati zinazotumika wakati huo. Mita yenu ikiwa na namba nyingine, kwa mfano 1600, kwanza zidisha 3,600 kwa 1000, kisha gawanya kwa 1600, halafu kwa sekunde zako.

Anaomba ruhusa ya kuzima vitu vyote kwa muda: friji, feni, taa, hata chaja za simu. Betri ya laptopu anahakikisha imejaa, kwa sababu betri inayojazwa nayo inavuta umeme, na gemu litasingiziwa.

Laptopu imewashwa, haifanyi kazi yoyote. Kitaa kinawaka, kisha kimya. Tuseme sekunde 130 zinapita ndipo kinawaka tena: karibu wati 28 tu. Kaka anatabasamu. Sasa anafungua gemu lake la mbio za magari. Feni za laptopu zinavuma, hewa ya moto inatoka nyuma, na kitaa kinaanza kuwaka kila baada ya sekunde 20. Wati 180! Kwa kuwa matumizi hupanda na kushuka, binti anahesabu miwako kumi ndipo anatafuta wastani.

Mbona mruko mkubwa hivyo? Chipu ya michoro inachora picha nzima upya mara 60, au hata zaidi ya 100, kwa kila sekunde. Yenyewe peke yake inaweza kuvuta zaidi ya wati 100, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Mimi hapa ndipo panaponifurahisha zaidi, kwa sababu unaweza kujaribu: ingia kwenye mipangilio ya gemu, weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde, kisha rudi kwenye mita. Kama awali zilikuwa nyingi zaidi, utaona kitaa kikianza kukawia.

Sasa hukumu. Saa tatu za gemu kila siku ni wati 180 mara tatu, yaani zaidi kidogo ya nusu uniti. Kwa siku 30 ni uniti 16 na ushei. Birika la umeme la wati 2,000 hutumia kiasi hicho cha siku moja kwa dakika 16 hivi. Mama hakukosea, ila birika nalo liitwe shahidi.

Pimeni na kwenu. Mita ikiwa juu ya nguzo, iacheni hukohuko. Zipo mita ndogo za kuchomeka kwenye soketi ambazo huonyesha wati moja kwa moja. Mita ya nyumba ikiwa ukutani, msiifungue wala msiguse waya wowote. Macho, saa na kalamu vinatosha.